Beit al-Ajaib na Macho ya Mgeni

Mgeni atembeaye Forodhani, Unguja, huelekezwa kwanza Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lenye nguzo za chuma na milango iliyonakshiwa aya za Kurani. Mizinga ya Waingereza ya Agosti 27, 1896 iliiporomosha kasri ya jirani, jumba likasalimika. Lililoishinda mizinga liliwezwa na uchakavu: Disemba 25, 2020, likiwa katika matengenezo, upande mmoja ulianguka pamoja na mnara wa saa, watu wawili wakafa. Wengi husikitikia mnara, nao uliongezwa baada tu ya vita vile. Ajabu hasa ilikuwa ukumbini, siku za makumbusho: mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba pasi na msumari, alioupita mgeni mwenye haraka akiitafuta roshani.