Vitabu Vikuukuu na Swali la Mpaka: Ngara katika Maandishi ya Diplomasia

Kada anayekwenda kuendesha darasa Murusagamba, au katika kata nyingine za Ngara zilizo karibu na Burundi, hana budi ajiandae kwa swali ambalo kada wa Lindi au Singida huenda asiulizwe kamwe: huu mpaka aliuweka nani, na kwa nini sisi tuliukubali? Swali hili si la uchokozi. Linaulizwa na watu wenye mashemeji ng'ambo, ambao Kihangaza chao husikilizana na Kirundi bila mkalimani. Kulijibu kwa kusema tu kwamba wakoloni walitugawa ni kweli, lakini ni jibu la nusu. Mkoloni yupi? Kwa mkataba gani? Na kama tuliyakataa mambo mengine ya mkoloni, hili tulilikubali kwa sababu gani?

Majibu ya maswali hayo yamo vitabuni. Shida ni kwamba vingi vya vitabu hivyo vilichapishwa miaka ya 1960 na 1970, kwa nakala chache, na anayevitaka leo lazima avitafute kwenye meza za wauza vitabu vikuukuu, chini ya vitabu vya hesabu vya mitaala iliyokufa na riwaya za mapenzi zilizochanika majalada. Kwa hiyo kukusanya vitabu hivi si anasa ya msomi mwenye pesa ya kuchezea. Ni sehemu ya kazi ya itikadi.

JINSI VILIVYOFIKA MEZANI

Vitabu vya siasa ya nchi za nje havikuingia katika biashara ya mitumba kwa njia moja. Kundi la kwanza liliachwa na watumishi wa serikali ya kikoloni waliofunga mizigo baada ya tarehe 9 Desemba 1961. Kundi la pili ni la wahadhiri na wataalamu wa kigeni waliofanya kazi Dar es Salaam katika miaka ya ukombozi, wakati Kamati ya Ukombozi ya OAU ilipokuwa na makao yake mjini humo. Kundi la tatu lilitoka Moscow na Beijing, likiuzwa kwa bei ya chini sana. Dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, wengi waliovithamini vitabu hivyo waliona haya kuonekana navyo, wakaviuza kwa kilo. Hapo walikosea. Kitabu kilichoandikwa kutetea upande fulani bado ni ushahidi wa jinsi upande ule ulivyofikiri.

Kundi la nne ni letu wenyewe, nalo ndilo adimu kuliko yote. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966, na kuanzia 1972 iliongozwa na Ndugu Walter Bgoya, mzaliwa wa Ngara, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje. Mwaka 1981 shirika hilo lilitoa The Foreign Policy of Tanzania 1961–1981, mkusanyo uliohaririwa na K. Mathews na S. S. Mushi. Kisha uhaba wa fedha za kigeni ukaikaba nchi, karatasi ikawa ya kutafutwa kama sukari, na vitabu vya namna hiyo vikawa vya kuazimana mpaka vikaisha.

NCHI ILIYOTUMIWA KAMA MBUZI WA MNADA

Tuchukue kitabu kimoja tu kuonyesha faida yake. Mwaka 1963 mwanahistoria wa Kimarekani, Wm. Roger Louis, alichapisha Ruanda-Urundi 1884–1919. Msomaji wa Ngara akikisoma atashangaa. Majeshi ya Wabelgiji yalipowafukuza Wajerumani Rwanda na Urundi mwaka 1916, shabaha ya Brussels haikuwa kuitawala nchi hiyo milele. Wabelgiji walitaka kuitumia kama dhamana ya kubadilishia: Uingereza ipewe eneo katika Afrika Mashariki, Ureno ifidiwe, na Ubelgiji ipate ukingo wa kusini wa mlango wa mto Kongo, uliokuwa sehemu ya Angola. Ureno ikakataa. Ubelgiji ikabaki na Rwanda na Urundi mkononi kama mtu aliyeshindwa kuuza mbuzi wake mnadani akarudi naye nyumbani.

Tarehe 30 Mei 1919 wajumbe wawili, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, walikubaliana jinsi ya kugawana. Waingereza walikata kipande cha mashariki mwa Rwanda, yaani Gisaka, kwa sababu ya ndoto yao ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo. Mwami Musinga na wamisionari walilalamika, Shirikisho la Mataifa likasikia, na kufikia mwaka 1924 Gisaka ilikuwa imerudishwa. Lakini Bugufi, ambayo Mwami wa Urundi aliihesabu kuwa yake, ilibaki Tanganyika. Itifaki iliyotiwa saini Kigoma tarehe 5 Agosti 1924 ndiyo iliyoeleza mstari wenyewe, kutoka mto hadi mto na kilima hadi kilima. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia madai ya Mwami Mwambutsa juu ya Bugufi yalifika katika Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na mpaka haukubadilika.

Katika mambo yote hayo, mkulima wa Bugufi au Bushubi hakuulizwa. Hilo kitabu cha Louis hakilipi uzito unaostahili, kwa kuwa kimejengwa juu ya majalada ya wizara za Ulaya. Kada ndiye atakayeijaza nafasi hiyo kwa kuwasikiliza wazee.

KUKATAA MOJA, KUKUBALI JINGINE

Sasa tuje kwenye sehemu ngumu. Mwezi Machi 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, kwa mkataba wa upangaji usio na mwisho na kodi ya faranga moja kwa mwaka. Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge kwamba Tanganyika huru haiwezi kufungwa na mkataba huo: Uingereza, ambayo mamlaka yake yenyewe yalikuwa ya muda, haikuwa na haki ya kutoa ardhi ya Tanganyika milele. Kuhusu mikataba mingine ya kati ya nchi mbili, Serikali iliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba ingeiheshimu kwa miaka miwili huku ikiipima, na baada ya hapo isiyokubaliwa upya ingekoma, isipokuwa ile ambayo sheria ya kimataifa yenyewe inaidumisha.

Miaka mitatu haijapita, Julai 1964, huko Cairo, Mwalimu huyo huyo akawa mbele kupendekeza azimio la OAU la kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa kupata uhuru. Somalia na Moroko hazikuridhika nalo.

Mwanafunzi mwerevu ataona mgongano. Kwa maoni yangu mgongano huo ni wa juu juu. Mkataba wa bandari ulimpa mgeni sehemu ya ardhi yetu. Kuufuta hakukumnyang'anya Mwafrika yeyote nchi yake. Mpaka ukifutwa, kila upande wa mto una Waafrika wenye madai, na anayeanza kudai leo atadaiwa kesho. Lakini nisiwadanganye wasomaji kwamba msimamo huu haukujaribiwa. Januari 1967 Tanzania yenyewe iliiandikia Malawi kuupinga mpaka unaopita ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na ramani za zamani zikawa silaha ya hoja. A. C. McEwen alilichambua jambo hilo, pamoja na mpaka wetu wa magharibi, katika International Boundaries of East Africa cha mwaka 1971. Upande wa mikataba, kazi bora ni ile ya Seaton na Maliti, Tanzania Treaty Practice, ya 1973. Mwenye kuviona vitabu hivi viwili mezani asianze kubishania shilingi mia tano.

NAMNA YA KUNUNUA NA KUSOMA

Kwanza fungua nyuma. Katika vitabu vya diplomasia ramani iliyokunjwa ndiyo huchanwa kwanza, na kitabu cha mipaka kisicho na ramani kimepoteza nusu ya thamani yake. Pili, tazama mihuri. Kitabu chenye muhuri wa maktaba ya umma kisicho na alama ya kuondolewa ni mali ya wananchi iliyoibiwa. Kukinunua na kukificha ni kushiriki wizi, hata kama nia ni elimu. Kirudishwe. Nimewahi kuona ofisi moja ikichoma majarida ya miaka kumi ili kupata nafasi ya viti, kwa hiyo naelewa hasira ya wanaosema bora kiibwe kuliko kiungue. Bado kirudishwe.

Tatu, soma maandishi ya pembeni yaliyoachwa na mwenye kitabu wa kwanza. Mara nyingine alama ya mshangao ya ofisa fulani hufundisha kuliko aya iliyo mbele yake. Na kwa Ngara, weka vitabu ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa juu ya mawe, maana mchwa hana itikadi.

Lakini kukusanya peke yake hakutoshi, kwa kuwa karibu vitabu vyote hivi vimeandikwa kwa Kiingereza. Chukua mfano wa makubaliano ya Uingereza na Ubelgiji ya tarehe 22 Novemba 1934 kuhusu maji ya mpakani. Yanasema maji yatakayochepushwa upande mmoja yarudishwe mtoni bila kupunguzwa sana kabla mto haujaingia upande wa pili. Yanawaruhusu pia wakazi wa pande zote mbili kuchota maji ya nyumbani na kuvua samaki katika mito ya mpakani. Mikataba kati ya serikali iliendelea baadaye: Shirika la Bonde la Mto Kagera liliundwa mwaka 1977, likavunjwa mwaka 2004, na umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 za Tanzania, Rwanda na Burundi, ukaanza kuzalishwa mwaka 2023. Mambo ya megawati yanasikika redioni. Haki ya kuchota ndoo ya maji imebaki katika viambatisho vya vitabu ambavyo mchotaji hajaviona. Darasa la Murusagamba likipata daftari lake la tafsiri, ukurasa wa kwanza ningeupa kifungu hicho cha ndoo na ndoano, na itifaki ya 1924 ingefuata.