Dirisha Dogo na Faili Kubwa

Mtu afungaye safari hukunja nguo zake ili zienee katika sanduku. Faili za kompyuta nazo hubanwa ili zichukue nafasi ndogo. Lakini kazi ya kubana yenyewe yadai nafasi, maana mashine haina budi kukumbuka yale iliyokwisha kuyasoma ndipo itambue yanayorudiwa. Je, faili ikiwa kubwa kuliko kumbukumbu ya mashine, itabanwaje?

Mwaka wa 1952 David Huffman, Mmarekani, alitangaza njia ya kuzipa herufi zitumikazo sana alama fupi, na zitumikazo kwa nadra alama ndefu. Njia hiyo ilikuwa bora, lakini herufi zilipasa kuhesabiwa kwanza. Basi faili ilisomwa mara mbili, kwanza kwa kuhesabu, kisha kwa kubana.

Mwaka wa 1977 Jacob Ziv na Abraham Lempel, wataalamu wa chuo cha Technion mjini Haifa, walionyesha njia nyingine. Mashine husoma mara moja tu, ikitazama nyuma kwa dirisha. Fungu la maneno likirudiwa, haliandikwi tena. Huandikwa umbali wa kurudi nyuma na urefu wa kunakili. Dirisha husogea pamoja na usomaji, na yaliyoachwa nyuma yake husahauliwa. Mwaka wa 1978 walitoa njia ya pili, ya kukusanya mafungu katika kamusi. Lakini kamusi hukua bila kukoma, na programu zilizoifuata zililazimika kuiwekea mpaka.

Mwaka wa 1992 Jean-loup Gailly na Mark Adler walitoa programu ya gzip, ambayo dirisha lake ni baiti 32,768. Faili iwe ya baiti elfu hamsini au bilioni hamsini, dirisha halipanuki. Bzip2 ya Julian Seward, iliyotoka mwaka wa 1996, huchukua mafungu ya hadi baiti 900,000. Aghalabu hubana zaidi, lakini kwa fungu la ukubwa huo yataka kumbukumbu ya baiti zipatazo milioni 7.6.

Kusahau nako kuna gharama. Kurasa mbili zilizo sawa, zikitengana kupita upana wa dirisha, huandikwa zote mbili kana kwamba hazijuani. Hasara hiyo ndiyo bei iliyoiwezesha mashine ndogo kuibana faili isiyoweza kuimeza. Ziv na Lempel walifariki mwaka wa 2023. Dirisha lao lingali likisogea.