Shule na Lugha Yake: Historia ya Shule ya Sekondari ya Wachina ya Singapuri, 1919–2005

Wachunguzi wengi wa sera za lugha wamezoea kuzitazama amri za serikali na kuyasahau madarasa. Makala haya yanakusudia kufuata njia nyingine, yaani kuieleza historia ya shule moja iliyoanzishwa na jamii ya wahamiaji kwa fedha zao wenyewe, ili tuone lugha ya kufundishia ilivyoingia humo, ilivyopiganiwa, na hatimaye ilivyoondoka. Shule hiyo ni ile ambayo waanzilishi wake waliiita Nanyang Huaqiao Zhongxue, na ambayo kwa ufupi hujulikana kama Hwa Chong.

I. Chanzo

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wachina wa Singapuri walikuwa na shule nyingi ndogo za msingi, lakini hawakuwa na mahali pa kuwapeleka vijana waliotaka kuendelea na masomo kwa Kichina. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilizijali zaidi shule za Kiingereza, kwani ndizo zilizoipatia makarani. Tan Kah Kee, tajiri wa mpira aliyezaliwa Jimei katika jimbo la Fujian mwaka 1874, ndiye aliyewakusanya viongozi wa jamii kuchanga fedha. Shule ilifunguliwa tarehe 21 Machi 1919, ikawa shule ya kwanza ya sekondari ya Kichina katika Asia ya Kusini-Mashariki. Mwaka 1925 ilihamia Bukit Timah. Wanafunzi hawakutoka Singapuri pekee. Walitoka Malaya na hata katika visiwa vilivyotawaliwa na Waholanzi.

II. Lugha isiyokuwa ya mama

Hapa pana jambo ambalo kwa mwanaisimu lina uzito kuliko yote. Wachina wa Singapuri hawakuwa na lugha moja. Nyumbani na sokoni walizungumza Kihokkien, Kiteochew, Kikantoni, Kihakka na Kihainan, na mzungumzaji wa moja ya hizo aghalabu hakumwelewa mwenzake. Kila kundi lilikuwa na chama chake, hekalu lake na shule zake. Hwa Chong haikuwa ya kundi lolote. Ilifundisha kwa Kimandarini, lugha ambayo hata miongo kadhaa baadaye ilikuwa lugha ya mama ya watu wachache mno kisiwani humo, chini ya mmoja katika kila mia.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba shule hii ililinda lugha ya mababu wa wanafunzi wake. Iliwapa lugha mpya ya taifa lililokuwa likijengwa Uchina. Mwaka ule ule wa 1919 vuguvugu la tarehe 4 Mei lilikuwa likiwahimiza wasomi wa Beijing waiache lugha ya kale ya maandishi na kuandika kwa lugha iliyo karibu na mazungumzo. Mawazo hayo yalifika Singapuri kwa njia ya walimu na vitabu vilivyochapwa Shanghai. Kijana wa Kihokkien na kijana wa Kikantoni, ambao baba zao wasingeweza kuzungumza ila kwa Kimalai cha sokoni, sasa waliweza kusoma gazeti moja na kulijadili. Watawala waliona hatari hiyo mapema. Sheria ya mwaka 1920 ya kuandikisha shule ililenga hasa kuzitia shule za Kichina chini ya uangalizi, na baadhi ya waliopinga walifukuzwa nchini.

III. Vita na ghasia

Singapuri ilipoangukia mikononi mwa Wajapani mwezi wa Februari 1942, shule ilifungwa hadi vita vilipokwisha. Baada ya vita shule za Kichina zilifurika wanafunzi, lakini mwisho wa masomo yao ulikuwa ukuta: kazi za serikali zilidai Kiingereza, na baada ya mwaka 1949 kwenda kusoma Uchina kulikuwa karibu sawa na kwenda bila kurudi. Ndiyo sababu Tan Lark Sye alipopendekeza chuo kikuu cha Kichina mwaka 1953, hata waendesha baiskeli za abiria walichanga. Chuo hicho kilikuwa Nanyang.

Katika hali hiyo haishangazi kwamba wanafunzi waliingia katika siasa. Mwezi wa Mei 1954 walipambana na polisi walipokuwa wakipinga kuandikishwa jeshini, na baadaye wakajifungia shuleni Hwa Chong. Miongoni mwa mawakili waliowatetea vijana wa shule za Kichina alikuwa Lee Kuan Yew. Mwaka 1956 kamati ya vyama vyote ilipendekeza lugha nne, yaani Kimalai, Kichina, Kitamil na Kiingereza, zitendewe sawa shuleni. Hata hivyo, mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wanafunzi walijifungia tena. Polisi wakawatoa kwa nguvu, na katika ghasia zilizofuata watu 13 walikufa.

IV. Madarasa kupungua

Lee Kuan Yew alikuwa waziri mkuu kuanzia 1959. Usawa wa lugha nne ulibaki katika maandishi, lakini wazazi walitazama ajira. Mwaka 1959 karibu nusu ya watoto walioingia darasa la kwanza waliandikishwa katika shule za Kichina. Mwaka 1978 walikuwa takriban asilimia 11. Chuo cha Nanyang kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Singapuri mwaka 1980. Hwa Chong ilikuwa moja ya shule tisa zilizoteuliwa mwaka 1979 kufundisha Kichina na Kiingereza kwa kiwango cha juu. Kufikia 1987 Kiingereza kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za taifa, na Kichina kikabaki somo. Mwaka 2005 shule iliunganishwa na chuo ndugu kilichofunguliwa mwaka 1974, ikawa Hwa Chong Institution.

V. Hitimisho

Wako wanaodai kwamba serikali ndiyo iliyoziua shule za Kichina, na wako wanaodai kwamba wazazi walichagua kwa hiari yao. Hoja zote mbili zina upungufu. Mzazi alichagua, naam. Lakini alichagua katika soko ambalo bei zake zilikuwa zimekwisha kupangwa na ofisi, mahakama na kampuni zilizotumia Kiingereza. Lugha ya kufundishia haidumu kwa ubora wa walimu wala kwa michango ya matajiri, ikiwa mlango wa kazi unafunguliwa kwa lugha nyingine.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulikiri. Kimandarini, kabla ya kusukumwa pembeni na Kiingereza, kilikuwa kimekwisha kuzisukuma pembeni lugha za nyumbani, na tangu 1979 kampeni ya serikali iliwahimiza Wachina waziache. Wajukuu wengi leo hawawezi kuzungumza na bibi zao kwa Kihokkien au Kiteochew. Anayeilinda lugha moja shuleni hana budi kuulizwa ni lugha zipi ameziacha nje ya lango.