Kucheza na Kuchezeshwa

Nianze na benchi. Huko Griffith Park, Los Angeles, kuna bembea ya kuzunguka ya zamani, ile yenye farasi wa mbao wanaopanda na kushuka huku muziki unapigwa. Walt Disney alikuwa na mabinti wawili, Diane na Sharon, na Jumamosi ilikuwa zamu ya baba. Aliwapeleka pale, wao wakapanda farasi, yeye akakaa kwenye benchi anatafuna njugu. Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba wazo lilimjia hapo: kwa nini pasiwe na mahali ambapo mzazi na mtoto wanafurahi pamoja, badala ya mmoja kupanda na mwingine kungoja? Julai 1955 akafungua Disneyland kule Anaheim.

Hadithi hii imesimuliwa mara nyingi, na mi naipenda. Lakini kila nikikutana nayo nabaki na swali: wale mabinti walikuwa wanacheza, au walikuwa wanachezeshwa?

Kiswahili kinatupa tofauti hii bure. Mtoto anayechimba mchanga anacheza. Mtoto aliyekalishwa juu ya farasi wa mbao, mashine ikamzungusha, anachezeshwa. (Kuchezewa ni jambo jingine kabisa. Hilo utaligundua ukinunua chupa ya maji humo ndani.)

Nililielewa vizuri siku niliyosafiri na dada yangu na bintiye wa miaka miwili kwenda kwenye bustani moja kubwa ya burudani Marekani. Mtoto aliingia bure kwa sababu hajafikisha miaka mitatu, tukafurahi. Furaha ikaishia kwenye mlango wa kwanza: kuna ubao wa kupimia urefu, sentimita 102, na yeye ana 80 na kitu. Mlango wa pili, ubao. Wa tatu alikuwa anaruhusiwa, ila foleni ilikuwa dakika 40 na mchezo wenyewe dakika mbili. Kwenye kigari akaanza: "Mjomba, chuka! Chuka!" Anataka kushuka. Nimshushe wapi? Kila upande ni miguu ya watu.

Dada akageuza ramani juu chini. "Mdogo wangu, yaani pote hapa hakuna pa kumwachia mtoto akimbie?"

Palikuwapo. Nyuma ya vyoo, sakafu ya mpira, vitelezi viwili na bomba la maji lililokuwa linavuja. Alikaa kwenye lile bomba kuliko kitu kingine chochote tulicholipia. Nami nikakaa kwenye benchi, bila njugu, nikaanza kujiuliza viwanja hivi vya watoto wadogo vimetoka wapi, na kwa nini vinafichwa.

Havikutoka kwenye biashara ya burudani hata kidogo. Katikati ya miaka ya 1880 daktari mmoja mwanamke, Marie Zakrzewska, aliona huko Berlin watoto wakichezea malundo ya mchanga yaliyomwagwa kwa ajili yao bustanini. Akapeleka habari hiyo Boston, na mchanga ukamwagwa katika mtaa wa watu maskini, watoto wa wahamiaji wakaja kuchimba. Hapakuwa na tiketi. Wanahistoria wengi wanaanzia hapo wanapoeleza viwanja vya kuchezea vya Marekani.

Halafu kuna Copenhagen, mji ambao kwa habari hii una pande mbili. Mwaka 1843 ilifunguliwa Tivoli, bustani ya burudani yenye taa, muziki na kiingilio, ambayo Disney aliitembelea mwaka 1951 akavutiwa nayo sana. Miaka 100 baada ya Tivoli, 1943, mji ukiwa chini ya jeshi la Ujerumani, ukafunguliwa uwanja wa Emdrup. Huu ulitokana na mawazo ya msanifu wa bustani C. Th. Sørensen, ambaye alikuwa amegundua jambo la kumuudhi kidogo msanifu yeyote: watoto waliviacha viwanja alivyovichora wakaenda kuchezea mabaki ya mbao na matofali. Basi akasema wapewe hayo mabaki. Emdrup ulikuwa wa wakubwa kidogo, wanaoweza kushika nyundo, lakini yule wa miaka miwili na bomba lake linalovuja ni ndugu yao.

Disney alichukua ya Tivoli. Nadhani hata hivyo ya Emdrup haikuwa mbali naye kwa moyo, kwa sababu mwaka 1956, bustani yake ikiwa na mwaka mmoja tu, alifungua kisiwa. Tom Sawyer Island, kwa jina la yule mtoroshaji wa Mark Twain wa mwaka 1876. Unavushwa kwa chelezo, ukishafika hakuna mkanda wala reli wala mtu wa kukuambia nini kinafuata. Kulikuwa na mapango, daraja linaloning'inia, daraja la mapipa linaloyumba, na ngome ya magogo. Mtoto anaingia pangoni, anatokea upande mwingine, anarudi tena pangoni. Mzazi anakaa. Ni hapo tu, kwa maoni yangu, ambapo wazo la benchi lilitimia kweli, na lilitimia kwa sababu mtoto aliachwa.

Mtu aliyelichukua jambo hili kwa uzito zaidi ni Eric McMillan, Mwingereza aliyehamia Kanada. Mwaka 1972, ndani ya Ontario Place, Toronto, alitengeneza Children's Village: msitu wa mifuko ya ndondi wa kupita ukijigonga, vitu laini vya kuangukia, nyavu za kupanda, vyote chini ya paa la turubai. Bwawa la mipira ambalo leo liko hadi kwenye kumbi za sherehe za watoto limetoka kwake, miaka ya 1970; husimuliwa kwamba alilipata kwa kutazama chupa ya vitunguu vya siki jikoni. Kazi yake ikazaa Sesame Place, iliyofunguliwa mwaka 1980 huko Langhorne, Pennsylvania, na wahusika wa kipindi cha Sesame Street. Ilianza kama mahali pa kupanda, kutambaa, kulowana na kujaribu majaribio ya sayansi. Bustani nzima ya burudani ya watoto wadogo, ambamo mtoto ndiye injini! Lakini mashine zikaanza kuingia moja moja, na mwaka 1998 wakafungua treni ya kupanda na kushuka kwa kasi, Vapor Trail.

Kule Florida mambo yalikwenda hivyo hivyo. Magic Kingdom ilikuwa na ziwa la nyambizi lililofungwa mwaka 1994. Likakaa weee, likafukiwa, na mwaka 2005 hapo pakawekwa kiwanja kidogo cha Winnie the Pooh. Mwaka 2010 eneo likatakiwa kwa upanuzi, kiwanja kikaondolewa, na mti wa Pooh ukahamishiwa jirani, kwenye foleni ya mchezo wake wa mashine. Soma tena: mahali pa kucheza pamekuwa sehemu ya kusubiri kuchezeshwa. Katika bustani nyingine ya hapo hapo, kiwanja cha filamu ya Honey, I Shrunk the Kids, chenye majani marefu kuliko mtu mzima na sisimizi wa kupanda mgongoni, kilidumu kuanzia 1990 hadi 2016. Pale sasa ni eneo la Star Wars. Animal Kingdom, ile yenye kijiji cha kubuni cha Harambe na maandishi ya Kiswahili ukutani, ilifunguliwa mwaka 1998 ikiwa na The Boneyard, watoto wakifukua mifupa ya dinosauria mchangani, kama wale wa Boston. Wameamua eneo zima la dinosauria lipishe Amerika ya tropiki.

Na Julai 2025 kisiwa cha Tom Sawyer cha Florida, kilichokuwapo tangu 1973, kilifungwa pamoja na mto wake, ili kupisha eneo la magari ya filamu ya Cars. Cha California kipo bado, ingawa tangu 2007 kina maharamia.

Siwalaumu sana wahasibu. Mtoto asiyelipa tiketi, anayecheza saa nzima na bomba, hauzi kitu. Ardhi yake ni ya muda, kama kibanda cha barabarani kinachosubiri upanuzi wa barabara. Ila mwaka 2023 Disneyland ilipofungua upya Mickey's Toontown, mtaa wa mwaka 1993, kitu kimojawapo walichokitangaza kwa fahari kilikuwa majani. Nyasi za kukalia, na mti wenye mizizi ambayo mtoto anaipanda na kuipita chini kwa kutambaa. Kumbe ilichukua miaka 30 kugundua kwamba mtu mwenye miaka miwili anahitaji pa kukaa chini.

Kwa hiyo siku hizi nikipewa ramani naisoma kinyume. Naanza na maji, nyasi, visiwa na pembe zisizo na jina kubwa, halafu ndo natafuta mashine. Dada anataka turudi mwakani. Mtoto atakuwa ametimiza mitatu, kwa hiyo tiketi tunalipa. Nimemwomba ampime kwanza. Amefika 91.