Lenzi, Adesi na Darubini

Apitaye Kariakoo leo, kati ya Mtaa wa Msimbazi na jengo la soko lililofunguliwa mwaka 1975, huona miwani ya kusomea imetandazwa kando ya njia, imebandikwa namba: +1.00, +2.00, hata +3.50. Ni lenzi zilizokwisha kusagwa, zangoja mnunuzi. Darubini nayo ilianza hivyo. Mwaka 1608 Hans Lippershey, fundi miwani wa Uholanzi, aliiombea hataza; na mwaka 1609 Galileo aliunda yake ya kwanza kwa vioo vya miwani, kabla ya kuanza kusaga vyake mwenyewe.

Neno darubini asili yake ni Kiajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Lakini kiungo chake kikuu, katika mazungumzo ya kila siku, ni "kioo" tu. Lenzi ni neno la darasani. Kwa Kilatini maana yake ni adesi, kwani kioo kilichobinuka pande mbili hufanana na punje hiyo. Waarabu nao huviita vyote viwili kwa jina moja. Adesi, basi, lingaliweza kutufaa. Hatusemi lirudishwe, lenzi limekwisha ota mizizi, na hapana apendaye kuuziwa nafaka badala ya miwani.

Linalotusumbua ni mbinuko na mbonyeo. Asagaye lenzi huipa umbo alitakalo. Anunuaye iliyo tayari hutegemea namba na jina, kisha hupanga masafa. Lenzi ya +2.00 ina fokasi ya sentimita 50, yaani mita moja kugawanywa kwa 2. Tuliiunganisha na kioo cha fundi saa chenye fokasi ya sentimita 5. Bomba likawa la sentimita 55, na vitu vya mbali vikakuzwa mara 10, ingawa kichwa chini. Tulipoufinya mdomo wa bomba kwa kadibodi yenye tundu, rangi zilizozagaa ukingoni zilipungua.

Lakini kama lenzi ya jichoni ni mbonyeo, mfano wa ile ya Galileo, masafa hutolewa, hayajumlishwi, na taswira husimama wima. Katika mwongozo mmoja tulioletewa tuukague, maneno hayo mawili yalibadilishana mahali. Aliyeufuata angalikata bomba refu kupita kiasi, asione kitu. Twawaomba wafasiri waandike alama ya kujumlisha au ya kutoa kando ya jina, kama wafanyavyo wauza miwani.