Mbwa wa Mbegu au Mbwa Koko? Tuulize Historia

Mwezi uliopita mama alinipigia simu kutoka Guta. Wezi walibeba mbuzi wawili usiku, sasa anataka mbwa. Mdogo wangu anasema tununue mtoto wa German Shepherd kutoka Mwanza, "mbwa wa mbegu". Mama yeye kashaona kijibwa kinachozurura mwaloni kikiokota dagaa, hakina mwenyewe. "Wewe uliyesoma, tuchukue yupi?"

Nilitaka kujibu palepale, lakini nikaishia kwenye historia.

Tuanze na hilo neno "mbegu". Kwa maelfu ya miaka watu walimchagua mbwa kwa kazi yake: huyu anachunga, huyu anawinda, huyu analinda. Mambo yalibadilika karne ya 19. Mwaka 1873 Kennel Club ilianzishwa London na kuanza kuandika mbwa kwenye daftari la nasaba. Polepole, mbwa "safi" akawa yule ambaye wazazi wake wamo daftarini. Hata huyo German Shepherd ni wa juzi tu: mwaka 1899 kapteni Max von Stephanitz alinunua mbwa wa wachungaji, akambadilisha jina akawa Horand von Grafrath, akamwandika namba moja.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha Basenji. Hawa walikuwa mbwa wa kawaida wa vijijini Kongo. Jina lenyewe ni ndugu wa neno letu "washenzi", yaani mbwa wa watu wa porini. Mwaka 1937 walionyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts, London, wakawa kivutio. Mbwa hakubadilika, kilichobadilika ni karatasi. Ila daftari likifungwa, ndugu wanazaana na ndugu, na magonjwa ya kurithi yanaongezeka. Ndiyo maana mwaka 1990 Wamarekani walilifungua tena daftari la Basenji, wakaingiza damu mpya kutoka Kongo kulekule.

Kwa hiyo mbwa koko kashinda? Ngoja kwanza.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kutetemeka na kuanguka. Walikufa takriban 1,000, theluthi moja ya simba wote wa hifadhi. Kisababishi kilikuwa virusi vya distempa ya mbwa, na macho yote yakageukia mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, wilaya yetu ya Bunda ikiwemo. Utafiti wa baadaye ulionyesha kuwa virusi hivyo vinaweza kuzunguka hata kwa wanyama pori wenyewe, lakini kuanzia miaka hiyo ya 1990 kampeni za kuchanja mbwa vijijini zilianza, dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa.

Hapo kwenye kichaa ndipo sina utani. Nikiwa darasa la nne, mtoto wa jirani aling'atwa mguuni. Kidonda kilikuwa kidogo, kikapona, tukasahau. Baada ya wiki kadhaa tulimzika. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kumbe angeoshwa kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 na kuwahishwa sindano, angekuwa na watoto wake leo. Virusi havikuuliza kama mbwa yule ana karatasi za nasaba.

Na uwezo wa kazi je? Pori la akiba la Grumeti lipo jirani tu na Bunda. Kikosi chake cha mbwa wanaonusa pembe za ndovu, nyama pori na silaha kilianza na mbwa waliookolewa, wakafundishwa na shirika la Working Dogs for Conservation la Marekani. Mbwa ambao hakuna aliyewataka leo wanawasumbua majangili.

Basi nikamjibu mama: chukua kijibwa cha mwaloni, ila pesa mliyotaka kununulia mbegu, itoeni kidogo kwa chanjo, dawa ya minyoo na chakula. Mkikosa hiyo ya chanjo, msichukue mbwa yeyote.

Kimeshachanjwa Bunda mjini. Wamekiita Simba, kama nusu ya mbwa wa mtaa ule.