Wanahisa wa Athi River Mining na saruji ya Thika Road

Barabara ya Thika ilipokuwa ikipanuliwa, kuanzia 2009 hadi ilipofunguliwa rasmi 2012, Ruiru na Thika zilijaa vumbi la mawe na saruji. Mashamba ya kahawa yalikatwa ploti, magorofa yakaota kila upande. Mwenye akiba aliyetaka kufaidi ujenzi huo alikuwa na njia mbili: anunue ploti, au anunue hisa za wanaouza saruji. Njia ya pili ilipitia Soko la Hisa la Nairobi, na huko lilivuma jina la Athi River Mining.

Kampuni hiyo ilianzishwa na Harjivandas Paunrana mwaka 1974 kwa kazi ya kuchimba na kusaga madini ya viwandani. Mwaka 1997 iliingia sokoni, mwanawe Pradeep akawa ndiye sura ya usimamizi. Ikaja saruji ya Rhino, kiwanda cha Kaloleni, kisha kampuni tanzu ya Maweni kule Tanga. Mwaka 2012 neno "Mining" liliondolewa, ikawa ARM Cement. Miaka miwili baadaye hisa moja ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya shilingi 80.

Imani ya walionunua hisa hizo haikuwa ya kijinga. Familia yenyewe ilikuwa na hisa nyingi, na mwanahisa mdogo alijiambia kwamba nahodha hawezi kutoboa jahazi analosafiria. Ila nahodha anaweza kulipakia kupita kiasi. Kiwanda cha Tanga kilijengwa kwa mikopo mikubwa, mingi ya dola, huku mauzo yakiingia kwa shilingi. Mwaka 2015 tajiri wa saruji Dangote alifungua kiwanda Mtwara, na bei ya saruji Tanzania ikaporomoka. Mwaka uliofuata serikali ya Tanzania ikazuia makaa ya mawe kutoka nje, na tanuri la Tanga lilihitaji makaa.

Mwaka huohuo wa 2016 shirika la uwekezaji la serikali ya Uingereza, CDC, lilitia dola milioni 140 na kupata zaidi ya asilimia 40 ya kampuni. Wengi waliona Mwingereza ameingia, basi mambo yatatengemaa. Hapo ndipo mwanahisa alipaswa kuuliza: fedha hizi zinajenga nini? Sehemu kubwa ilikwenda kulipa madeni. Hakuna kipya kilichojengwa, mashimo ya zamani tu yalizibwa, na hasara ikaendelea.

Agosti 2018 wasimamizi kutoka kampuni ya uhasibu ya PwC waliteuliwa chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, na mamlaka ya bodi yakaishia hapo. Biashara ya hisa ilisimamishwa bei ikiwa shilingi 5.55. Katika foleni ya kulipwa, benki zenye dhamana hutangulia, wadai wengine hufuata, mwanahisa husimama nyuma kabisa. Mali ya Kenya ilinunuliwa 2019 kwa takriban dola milioni 50. Ya Tanga ilichukuliwa 2020 na Huaxin ya China kwa dola milioni 116. Madeni yaliimeza fedha yote kabla zamu ya mwanahisa haijafika.

Aliyenunua mali ya Kenya ni National Cement, ya kundi la Devki la Narendra Raval, ambaye wengi humwita Guru. Mabati na nondo za Devki ni bidhaa za kila siku kwa mafundi wa Ruiru, mji ambao kundi hilo lina kiwanda cha chuma.  Kampuni ya Raval haiuzi hisa kwa umma wala haina mkutano mkuu wa kuwajibu wanahisa wadogo.

Kwa hiyo jirani aliyenunua ploti Ruiru mwaka 2014 bado ana ploti yake. Aliyenunua hisa za ARM mwaka huo ana karatasi tu. Ukiwa na hisa za kampuni yoyote leo, fungua ripoti ya mwaka kwenye ukurasa wa madeni kabla ya ule wa faida, uone ni ya sarafu gani na yanalipwa lini.